Kilojuli 566 zilienda wapi?

Saa tisa alasiri, maabara ya shule moja Kisumu. Taa ya spiriti imezimwa sasa hivi. Mkebe wa soda umening'inia kwenye stendi, na kipimajoto kilichomo kinasoma nyuzi 58, kilianzia 28. Maji ni gramu 150, ethanoli iliyoungua ni gramu 1.10. Mwanafunzi wa kidato cha nne anapiga hesabu, anairudia, anapata joto la kuungua kwa ethanoli: kilojuli 787 kwa moli (moli moja ya ethanoli ni gramu 46). Anafungua kitabu na kukuta 1367.

"Mwalimu, tumekosea wapi?"

"Hamjakosea. Andika joto lilipotea kwenye mazingira."

Anaandika, anapata alama yake, meza zinapanguswa.

Jibu ni la kweli, na hapo ndipo linapokera. Mtume mtoto sokoni na shilingi 1367, arudi na bidhaa za 787, aseme "nyingine zilipotea." Hakuna mzazi atakayeridhika na hilo. Kwenye kemia tunaridhika, tena tunatoa alama.

Wiki kadhaa sasa swali hili halijatoka kichwani: zilipotea wapi hasa, na ngapi kwa kila mlango?

## Vyombo kwanza

Wa kwanza kushukiwa ni vyombo. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 unaitumia mara mbili, kabla na baada. Ikikosea 0.01 kila mara, kwa gramu 1.10 hiyo ni asilimia 2 hivi. Kipimajoto nacho unakisoma mara mbili. Nusu nyuzi huku, nusu nyuzi kule, ukigawa kwa nyuzi 30 zilizopanda unapata asilimia 3 na kitu. Jumla, tuseme 5.

Pengo letu ni asilimia 42.

Kwa hiyo kununua kipimajoto cha bei hakutaokoa chochote. (Mizani inayosoma hadi 0.1 tu ni kesi nyingine: kosa lake hapa linafika asilimia 18. Kama ndiyo uliyo nayo, tumia kopo kubwa lenye maji gramu 500 na uchome gramu 4 hivi.)

Chombo kinachofaa kuangaliwa ni kile kilichoshika maji. Mkebe wa soda wa alumini una gramu 13 hivi, na kila gramu ya alumini inahitaji juli 0.9 kupanda nyuzi moja. Kwa nyuzi 30 hizo ni juli 351. Ziongeze kwenye juli 18,810 zilizoingia kwenye maji, na jibu linapanda kutoka 787 hadi 801. Si nyingi. Lakini ungetumia bika ya kioo ya gramu 100, kioo peke yake kingemeza juli 2,500 bila mtu kuzihesabu, na bado kioo hupitisha joto polepole kuliko chuma. Mkebe wa soda uliokatwa juu na kupigwa msasa ubavuni unaishinda bika ya maabara kwa kazi hii.

Tumebaki na 801. Zinazotafutwa ni 566.

## Lililoingia na ambalo halikuingia

Joto linalokosekana ni la aina mbili, na wengi wanazichanganya. Kuna joto lililoingia kwenye maji kisha likatoka. Na kuna joto ambalo halikuingia hata kidogo.

La kwanza linapimika kwa urahisi. Ukishazima moto, usikimbilie kumwaga maji. Koroga, andika kiwango cha juu kabisa (kipimajoto huendelea kupanda kidogo baada ya moto kuzimwa), kisha soma kila dakika kwa dakika tano. Tuseme maji yanashuka nyuzi 0.6 kwa dakika yakiwa 58. Wakati wa kuchoma, joto lao juu ya lile la chumba lilikuwa kwa wastani nusu ya hapo, basi upotevu nao ulikuwa karibu nusu: 0.3 kwa dakika. Kama moto uliwaka dakika sita, ni nyuzi 1.8 zilizotoroka. Maji na mkebe pamoja vinahitaji juli 639 kwa kila nyuzi, kwa hiyo ni juli 1,150, sawa na kilojuli 48 kwa moli ya ethanoli.

Ndani ya hizo 48 kuna joto lililoondoka na maji yaliyogeuka mvuke kupitia mdomo wa mkebe. Ukiyapima maji upya mwishoni na kukuta yamepungua gramu 0.3, usizihesabu mara ya pili. Kule kupoa uliposoma kila dakika kumeshazibeba. Kuyapima kuna faida nyingine: kunakuonyesha kama kifuniko chako cha katoni, chenye tundu la kipimajoto na tundu la kijiti cha kukorogea, kinafanya kazi.

Wapo wanaokwepa hesabu hii kwa njia ya zamani: chumba kikiwa nyuzi 28, anza na maji ya friji ya nyuzi 16, zima yakifika 40. Joto yanalopokea kutoka chumbani nusu ya kwanza linakaribiana na yanalolipoteza nusu ya pili. Njia ni nzuri, ila ina usumbufu wake. Kitako baridi cha mkebe hutoa jasho, matone yanaangukia utambi, moto unakoroma na wakati mwingine kuzimika. Panga utambi upembeni kidogo mwa katikati ya kitako, maana matone hupenda kukusanyika pale panapobonyea.

Jasho hilo tutalirudia muda si mrefu.

## Taa yenyewe inavuja

Kabla ya kwenda mbali, pima taa bila kuiwasha. Iweke juu ya mizani, utambi wazi, dakika tano, mchana wa Kisumu chini ya mabati. Utaona namba ikishuka. Kila miligramu inayopaa hivyo utaihesabu kama iliyoungua, na jibu lako litashuka bure.

Mbaya zaidi ni dakika moja baada ya kuzima, shingo ya taa ikiwa bado ya moto. Gramu 0.04 zikitoroka kati ya 1.10, ni kilojuli 30 kwa moli. Dawa yake ni kofia. Zima kwa kuifunika, iache imefunikwa, pima ikiwa na kofia ileile uliyoipima nayo mwanzoni.

Zoezi hili hufanywa pia kwa alkoholi nyingine, na kati yake methanoli ndiyo mtoro mkuu kwa sababu huchemka nyuzi 65. Ethanoli ni 78, propan-1-oli 97, butan-1-oli 118. Yaani kosa hili halizigusi alkoholi zote sawa. Kumbuka hilo.

## Kitabu kinahesabu maji, moto unatoa mvuke

Hapa ndipo "upotevu" unapoanza kuonekana si uzembe wa mtu.

Ile 1367 ya kitabuni inadhani kwamba maji yanayotokana na kuungua yameishia kuwa maji, kimiminika, nyuzi 25. Chini ya mkebe hayawi hivyo. Yanapaa kama mvuke na kuondoka na joto lake, kilojuli 44 kwa kila moli ya maji. Moli moja ya ethanoli inatoa moli tatu za maji: kilojuli 132. Hata ungekuwa na mkono mwepesi kuliko fundi wa saa, mkebe wa wazi usingeziona, isipokuwa sehemu ndogo inayorudi pale kitako baridi kinapotoa jasho.

Karibu asilimia 10 ya thamani ya kitabuni imeondoka kwa mlango huu mmoja, na haiwezi kuitwa kosa la mwanafunzi.

Daftari hadi sasa: 48 za kupoa, 30 za taa kuvuja, 132 za mvuke. Jumla 210. Bado 356.

## Masizi yanasingiziwa

Mshukiwa anayefuata anaonekana kwa macho. Kitako kimekuwa cheusi, hasa ulipochoma butanoli. Kila ripoti inayataja masizi.

Yapime. Mkebe mkavu kabla, mkebe mkavu baada. Masizi ni kaboni ambayo haikuungua, na gramu moja ya kaboni ingetoa kilojuli 32.8. Ukikuta gramu 0.02, na hizo tayari ni nyingi kwa macho, ni kilojuli 0.66. Gramu moja ya butanoli inabeba 36.1. Asilimia 2 hivi basi! Kwa ethanoli, ambayo huacha doa tu, ni kidogo kuliko hapo.

Kwa hiyo weusi wote ule unaochafua vidole haufafanui pengo. Masizi yenye madhara ni yale ambayo hayakukaa kwenye mkebe. Yakiwa bado ndani ya moto yanawaka kwa rangi ya njano, na rangi hiyo ni joto linalorushwa pande zote: mezani, ukutani, usoni mwako. Moto wa methanoli ni wa buluu iliyofifia na haurushi hivyo. Weka kiganja sentimita kumi ubavuni mwa kila moto, utaijua tofauti kabla ya kupiga hesabu yoyote.

Pia kuna kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunusika. Asilimia 5 ya kaboni ikiishia hapo badala ya kuwa kaboni dayoksaidi, unapoteza asilimia 2 nyingine. Fungua madirisha kwa ajili yake, lakini bado si yeye mwizi mkubwa.

## Ubavuni mwa mkebe

Mwizi mkubwa ni hewa ya moto inayopita kando. Ulimi wa moto unagonga kitako, gesi zinatanuka, zinakwepa ukingo na kupanda juu zikiwa bado na mamia ya nyuzi. Upepo wa ziwa, ambao Kisumu huanza kuingia mchana, unazisukuma hata kabla hazijagusa kitu. Sehemu kubwa ya zile 356 imo humu.

Hili unaweza kulifanyia kazi kwa mabati.

Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, toa vitako vyote viwili, lifanye liuzunguke mkebe. Nafasi kati ya ukuta wa kopo na mkebe iwe milimita 6 hadi 8, ili gesi zipande zikiukwaruza mkebe ubavuni badala ya kutawanyika. Chini acha sentimita 2 wazi, au toboa matundu kuzunguka. Fundi wa jua kali pale soko la Kibuye atakukatia hilo kwa dakika chache ukimpa vipimo. Upande wa ndani ung'ae, urudishe baadhi ya joto la moto wa njano.

Kishawishi ni kubana zaidi. Ukibana hadi milimita 2 au 3, hewa inashindwa kupita, moto unakosa oksijeni, unakuwa mrefu, wa njano, unaotoa moshi. Ulichookoa ubavuni umekipoteza ndani ya moto. Ukiona ulimi umebadilika rangi mara tu ulipoweka kinga, umebana mno.

Utambi utokeze milimita 4 au 5. Ncha ya moto ifike karibu na kitako bila kulala juu yake. Moto unaolala kwenye chuma baridi hupoa kabla haujamaliza kuungua. Kwa taa nyingi hiyo ni sentimita 2 hadi 3 kutoka utambi hadi mkebe.

## Shaka iliyobaki

Sasa mtu mwerevu atasema: ya nini shida yote hii? Choma ethanoli, gawa 1367 kwa 801, unapata 1.71. Zidisha majibu ya alkoholi nyingine kwa 1.71, umemaliza.

Inavutia. Tatizo ni kwamba inadhani kila alkoholi inapoteza kwa kiwango kilekile, na tumeshaona sivyo.

Tazama mvuke. Methanoli inapoteza 88 kati ya 726, asilimia 12. Propanoli 176 kati ya 2021, karibu 9. Butanoli 220 kati ya 2676, asilimia 8. Mlango huu unaionea methanoli. Taa kuvuja kunaionea methanoli vilevile. Lakini moto wa njano unaionea butanoli. Makosa mawili yanavuta kamba pande tofauti, na ni nani atashinda inategemea utambi wako, kinga yako na upepo wa siku hiyo.

Ndiyo maana darasa moja linaweza kupata mstari ulionyooka vizuri kabisa kwenye grafu, kwa bahati, huku namba zote zikiwa chini. Na jirani yao wenye vyombo vilevile butanoli yao ikazama chini ya mstari.

Kuna kipimo kizuri cha kujua umesimama wapi. Thamani za kitabuni zinapanda kwa hatua zinazokaribiana: kutoka methanoli hadi ethanoli 641, kisha 654, kisha 655. Kila hatua ni kaboni moja na hidrojeni mbili zaidi za kuunguza. Hatua zako zitakuwa fupi kuliko hizo, lakini ziangalie zenyewe kwa zenyewe. Hatua ya mwisho ikiwa fupi sana kuliko ya kwanza, moto wa njano ndio umekula. Ya kwanza ikiwa imerefuka isivyo kawaida, ikague kofia ya taa ya methanoli.

Ili ulinganisho uwe wa haki, usichome uzito sawa na usichome kwa muda sawa. Choma kila moja mpaka maji yapande nyuzi zilezile, tuseme 30, na rekebisha utambi ili zipande kwa mwendo unaokaribiana, nyuzi 5 kwa dakika. Hapo angalau joto lililoingia na kutoka linalingana kwa zote, na unabaki kuhangaika na lile ambalo halikuingia. Futa masizi kila baada ya mzunguko. Badilisha maji.

Walio Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yao huchemka karibu nyuzi 94. Bado ni juu sana ya nyuzi tunazofikia hapa. Thamani za alkoholi zenyewe hazibadiliki kwa kupanda mlima.

## Kwa gramu mambo yanageuka

Kwa moli, butanoli inaonekana kuipita methanoli karibu mara nne. Kwa gramu: methanoli 22.7, ethanoli 29.7, propanoli 33.6, butanoli 36.1. Nafasi inazidi kupungua. Methanoli nusu ya uzito wake ni oksijeni, mzigo ambao umeshaungana na kaboni na hidrojeni kabla hujawasha kiberiti. Ethanoli ni asilimia 35, butanoli 22.

Anayepika kwa jiko la ethanoli huiona namba hii kwenye sufuria. Lita moja ya ethanoli ina megajuli 23 hivi. Ya mafuta ya taa ni karibu 35 au zaidi. Ethanoli inayokamuliwa kutokana na molasi za miwa kule Muhoroni ni safi zaidi motoni, lakini kwa lita haiwezi kulingana.

## Spiriti gani, taa gani

Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70 kwa ujazo, ambayo kwa uzito ni ethanoli 62 tu. Ukiihesabu kama ethanoli tupu umejipunja zaidi ya theluthi, na moto bado una kazi ya kuyageuza maji yale mvuke. Pima: sentimita 100 za ujazo za ethanoli tupu, kwa nyuzi 20, ni gramu 78.9. Ukipata 81, una asilimia 95 kwa ujazo. Zaidi ya hapo, maji ni mengi.

Kuhusu taa, koroboi haifai hata kama imeoshwa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike karibu nyuzi 40. Ethanoli huanza kwenye 13. Kopo lenye nafasi tupu juu ya ethanoli, lililoungwa kwa risasi, karibu na moto, linaweza kulipuka. Tumia taa ya kioo yenye shingo inayobana utambi, ijae zaidi ya nusu, na usiiongeze ikiwa bado ya moto. Methanoli iwekee kitambaa cheusi nyuma, maana moto wake mchana hauonekani. Na maji au kitambaa chenye maji kiwe mkononi. Methanoli, ethanoli na propanoli huchanganyika na maji, kwa hiyo moto wake unazimwa nayo.

## Jinsi kitabu kilivyopata 1367

Kwa chombo kisicho na ubavu wa kutoroka. Kalorimita ya bomu ni kopo la chuma lililofungwa, lenye oksijeni kwa mgandamizo wa karibu mara 30 ya hewa ya kawaida, lililozamishwa ndani ya maji. Alkoholi inawekwa kwenye kidonge cha jelatini ili isipae kabla ya wakati. Oksijeni ikiwa nyingi kiasi hicho, masizi hayapo. Mvuke unarudi kuwa maji humohumo. Na kabla ya kuchoma alkoholi, wanachoma asidi ya benzoiki, kilojuli 26.4 kwa gramu, wajue chombo kizima kinahitaji joto kiasi gani kupanda nyuzi moja.

Kwa kuwa bomu halitanuki, jibu lake kwa ethanoli linatofautiana na la hewa ya wazi kwa kilojuli 2.5 kwa moli. Wanazirekebisha hizo, wakati sisi tunazifukuza mia tano.

## Jambo la chang'aa

Vijijini huku magharibi utasikia kwamba ukiwasha chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwenye kijiko na ikawaka buluu, ni salama. Methanoli nayo inawaka buluu. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa za Kenya kwa pombe yenye methanoli, wengine wakapoteza macho.

Je, kupima joto kungeigundua? Chukua ethanoli yenye methanoli asilimia 5 kwa uzito, kiasi cha hatari. Gramu moja ya mchanganyiko inatoa kilojuli 29.35 badala ya 29.7. Tofauti ni asilimia 1.2. Mkebe, kinga ya mabati na mizani ya 0.01, hata vikifanya kazi vizuri kuliko vyote, vina kosa la asilimia 5. Chang'aa ina maji pia, ambayo yanashusha namba mara nyingi zaidi ya methanoli hiyo. Kinachozitenganisha ni kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha vilivyomo kwenye mchanganyiko vikiwa mvuke, na mashine yake haikai kwenye maabara ya shule.